Bunduki ya Bwana Kidevu na Mgongo wa Baba Mkwe

Juzi mmoja wenu, simtaji, aliniletea rimu ya baiskeli iliyopinda, akaitupa hapo mlangoni akasema, "Muzee, hii imekufa." Nilicheka mpaka jino langu la mwisho likataka kunihama. Vijana wa siku hizi mna haraka ya kuzika. Mna gesi ya kulehemia, mna drili, mna skrubu zinazoingiliana hata moja ikinunuliwa Usumbura na nyingine Kigoma, na bado mnanijia na maiti. Basi kaeni. Nitawasimulia juu ya maiti moja niliyoifufua mimi, hapa hapa Rumonge, wakati wa Mdachi, na jinsi nilivyokaribia kuchapwa kwa kosa la kuifufua.

Ufundi niliupata Ujiji kwa Fundi Mabruki, mtu mfupi, mkali, aliyenuka mkaa hata siku ya Idi. Nilidhani nitapewa nyundo siku ile ile. Alinipa mtutu wa bunduki iliyokwisha, akaniamuru nikae ndani nitazame mlangoni kupitia tundu lake. Nikatazama. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona mwanga. Akasema, "Endelea." Wiki mbili nilitazama mwanga na kula ugali wake. Siku moja nikaona kivuli cha mwimo wa mlango kimelala ndani ya mtutu, mstari mwembamba mweusi, na mahali fulani mstari umevunjika kidogo. Nikamwambia. Akasema, "Hapo ndipo palipopinda. Sasa unaweza kuanza kujifunza." Siri yote ni hiyo. Mtutu ukinyooka, kivuli kinalala kimenyooka. Ukipinda, kivuli chenyewe kinakuonyesha wapi. Mabruki alizoea kusema mkono una haraka, jicho halina, na kila nilipomsahau nililipa.

Sasa nimlete baba mkwe, kwa sababu bila yeye bunduki hii isingenihusu. Aliitwa Mzee Mikidadi, mpiga kasia, mtu wa maji tangu utoto, mwembamba, na kifua chake kilikuwa kibovu, akikohoa kila kiangazi. Mungu alimpa mabinti saba na hakumpa mtoto wa kiume hata mmoja. Mimi nilimwoa wa pili, Zainabu. Wengine waliolewa Minago, Gatete, Nyanza, na wa tano alichukuliwa na askari mpaka Usumbura, ndoa ikafungwa huko huko kwa wakili. Wa saba alikuwa bado nyumbani.

Ninyi mnakula na wakwe zenu sahani moja na mnawaomba sigara. Sisi hatukuwa hivyo. Baba mkwe hukumwita kwa jina, hukutafuna mbele yake, hukukaa kifua wazi akiwapo, na yeye vile vile hakukuonyesha mwili wake. Jambo zito hukumwambia moja kwa moja. Ulimwambia mkeo, mkeo akamwambia mama yake, mama akamwambia mzee, na jibu likarudi kwa njia ile ile likiwa limeongezwa chumvi. Ukipenda boga, upende na ua lake.

Bwana Kidevu alikuwa afisa wa Kidachi aliyekuja kambini Rumonge kila kiangazi. Jina lake la kweli hakuna aliyeweza kulitamka, na kidevu chake kilifika mahali kabla yake. Alikuwa na bunduki nyingi za serikali, lakini moja ilikuwa ya babu yake, kongwe, ya mitutu miwili iliyolala pamoja, ya kushindiliwa baruti na marisawa, zile punje za risasi, kwa mdomo na kuwashwa kwa fataki. Chuma chake kilikuwa na michirizi kama maji yanayozunguka. Aliifuta mwenyewe kila jioni na hakuna askari aliyeruhusiwa kuigusa.

Asubuhi moja akaenda kuwinda bata kwenye mdomo wa mto Murembwe, Mzee Mikidadi akipiga kasia. Bata walikaa hapa, Bwana Kidevu akapiga pale, na marisawa yote yakaingia masikioni mwa kiboko aliyekuwa amelala zake. Kiboko akaja kuuliza. Mtumbwi ukaruka, watu wakamwagika. Mzee alikuwa na mkono mmoja huru. Upande huu bunduki inazama, upande huu Bwana anazama. Akamshika Bwana kwa ukanda wa suruali akamvuta mpaka ufukweni.

Mtu mwingine angeshukuru. Bwana Kidevu alitapika maji, akakaa, akasema, "Wewe mjinga sana. Mimi najua kuogelea. Bunduki hajui kuogelea. Kwa nini wewe kamata mimi?"

Mzee akafikiri, maana aliulizwa, akajibu kwa adabu, "Bwana, weye ulikuwa unaita mama yako. Bunduki haikuita mutu."

Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomponza. Askari walicheka. Bwana Kidevu akaandika katika kitabu chake papo hapo, karatasi ikiwa bado inadondoka maji: Mikidadi, fimbo ishirini na tano, zile tulizoziita hamsa ishirini. Na mjeledi wenyewe ulikatwa katika ngozi ya kiboko, kwa hiyo mnyama yule yule aliyepindua mtumbwi ndiye ambaye jamaa zake wangemwadhibu mzee kwa kupinduliwa.

Siku ya kumi na moja, kabla fimbo hazijapigwa, wavuvi wakainasa bunduki wavuni. Kiboko alikuwa ameikanyaga, na nadhani alirudi akaikanyaga tena. Bwana Kidevu aliitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona machozi yakimlengalenga. Nikamwonea huruma kidogo. Akasema anakwenda Usumbura, atarudi mwezi wa tatu kutoka huo ukiandama. Akikuta bunduki ya babu yake inapiga, mzee ni huru. Isipopiga, hamsa ishirini mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeona vijana wenye shingo nene wakiinuliwa kutoka kwenye mkeka wa kuchapiwa hawajitambui. Mzee wa miaka sitini na kifua kile asingeinuka.

Ndipo nikasikia sauti inasema, "Itapiga." Ilikuwa sauti yangu. Kazi yangu mpaka siku ile ilikuwa bunduki za gumegume za wawindaji, makufuli na majembe.

Nisikilizeni hapa vizuri, maana hili litawafaa hata kwa spana. Chuma kilichozama hakifi majini, kinakufa kikitoka. Kikipata hewa, kutu inakila mbele ya macho yako. Kwa hiyo nilichota maji ya ziwa katika hori la mbuzi, nikailaza bunduki humo mpaka nilipokuwa tayari. Kisha nikaifungua. Kitako kilikuwa vipande vitatu. Mitutu yote miwili ilipinda pamoja kama goti. Kamani ya kushoto, springi ile inayorusha nyundo ya bunduki, ninyi mnaita resori, ilivunjika. Na ndani ya mtutu wa kushoto alikuwamo kaa mdogo aliyeshahamia na mali yake, hakutaka kutoka kwa heri wala kwa shari. Nilimtoa kwa kumvutia moshi wa tumbaku. Kisha nikachemsha chuma chote katika maji ya majivu, kwenye chungu kikubwa cha Zainabu, jambo ambalo Zainabu hajanisamehe mpaka leo.

Asubuhi ya pili mzee akaja karakanani kwangu na kigoda chake. Akakaa mlangoni. Hakunitazama. Akaitazama fuawe yangu, chuma kile ninachofulia juu yake, akasema, "Amahoro, fuawe. Nimekuja kuona mugongo yangu. Iko namna gani leo?"

Nikaelewa. Zainabu alikuwa shambani, mama mkwe amekwenda Gatete, na mzee hakuweza kusubiri habari zizunguke njia yote ile. Nami nikaigeukia fuawe nikasema, "Fuawe, ambia muzee mugongo bado iko mu maji. Kesho tutaipika."

"Fuawe, mwambie murakoze, asante. Asiipike sana."

Tukaendelea hivyo kila siku ya Mungu. Fuawe ile ilisikia habari nyingi kuliko kadhi. Ilijua kohozi la mzee, ndoto zake, na kwamba aliogopa aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya watu kuliko kipigo chenyewe. Zainabu alipotukuta akasema, "Minachoka na nyinyi. Hiyo chuma haina masikio. Baba, huyu bwana yangu iko hapa, mwambie." Mzee akasema, "Fuawe, huyu mutoto tulimulea vibaya."

Tatizo ni kwamba mbele yake sikuweza kuvua. Fundi wa moto hufanya kazi kifua wazi, hilo mnajua. Mimi nilifua kamani ya bunduki ya Mdachi nimevaa kanzu na kofia kama ninayekwenda kuozesha. Kanzu ilishika moto mara mbili. Mara ya pili mzee aligeuka akatazama ukuta, kwa heshima, nikaungua kwa faragha.

Kamani ya kwanza nilitengeneza kwa kipande cha jembe. Iliruka nilipoibana, ikapita dirishani, ikajikita katika papai la jirani. Ya pili ilipinda ikabaki imepinda, haina hamu ya kurudi. Ya tatu nilikata katika msumeno mkongwe, nikaifanya nyekundu, nikaizamisha katika mafuta, ikawa ngumu kama kioo, na kitu kigumu kama kioo huvunjika kama kioo. Basi unaipaka mafuta, unaishika juu ya makaa mpaka mafuta yawake yenyewe na kuzima. Mara tatu. Hapo chuma kinakumbuka kurudi. Mabruki alinifundisha jambo hilo Ujiji na nilikuwa nimelisahau kamani mbili nzima.

Mitutu niliinyoosha baridi. Ukiipasha moto, ile risasi laini ya kulehemia iliyoiunganisha inayeyuka na unabaki na bunduki mbili za mtutu mmoja mmoja. Niliiweka kati ya magogo mawili ya mti laini, nikagonga kwa nyundo ya mbao, nikakaa ndani nikatazama mlangoni. Gonga kidogo, tazama sana. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pale pale, hivyo kivuli nilichokiona ndani ya mtutu mara nyingi kilikuwa cha kofia yake. Sikuweza kumwomba asogee. Nikamwambia fuawe. Siku ile fuawe haikufikisha ujumbe, au mzee alijifanya kutousikia.

Kitako nilichonga kwa mninga. Kuna hila hapo: unapaka chuma masizi ya taa, unakikandamiza juu ya mti, unakitoa. Palipo peusi ndipo panapogusa, hapo unakwangua, na hapo tu. Unarudia mpaka peusi pawe kote. Ni kazi ya siku nne ukiwa na subira, ya siku kumi ukiwa na haraka. Mwishoni nikasugua kwa majani ya msasa mpaka mti ukawa laini kama shavu la mtoto. Nilikipenda kitako kile. Nilikuwa nakishika hata nisipokuwa na kazi nacho.

Sasa nakuja kwenye kosa, na mkicheka chekeni kwa adabu. Watu wa pwani yetu hii tuna imani moja: hakuna kitu duniani kisichoponywa na mawese. Mtoto akikohoa, mawese. Mlango ukilia, mawese. Mzee Mikidadi alikuwa mwumini mkubwa. Kila nilipoingia ndani kula, kwa kuwa sikuweza kula mbele yake, aliinuka akaipaka bunduki mawese kidogo, kwa upendo, kisha akarudi kukaa. Mawese mabichi yana ukali, yanakula chuma. Kila alasiri nilikuta rangi ya machungwa mahali nilipoacha chuma cheupe, nikafuta, sikusema. Nilidhani ni heshima. Ilikuwa woga, na woga ukivaa kanzu ya heshima hufanya hasara kubwa.

Siku ya kujaribu, zilibaki siku tisa. Nilishindilia baruti, nikashindilia marisawa, nikaisimamisha bunduki ukutani midomo juu, nikaingia ndani kula viazi viwili. Mzee akaona mgonjwa wake anatoka kwenda safari. Akamnywesha. Upawa mzima wa mawese, mtutu wa kushoto. Ilikuwa kiangazi, upepo wa ziwani ulikuwa baridi asubuhi ile, na mnajua mawese yanavyoganda. Viazi viwili tu, na nilipotoka mtutu ulikuwa na kizibo.

Mdeki ulikuwa mkononi mwangu, ile fimbo ya kushindilia. Ningeushusha mara moja tu ningejua. Sikuushusha, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuushusha muda mfupi kabla. Shikeni hilo. Hata ukiwa umetoka kuangalia sasa hivi, ukienda kula, ukirudi angalia tena.

Angalau sikuishika begani. Niliifunga juu ya gogo, nikafunga kamba kwenye kifyatulio, nikajificha nyuma ya ukuta. Kulia kulipiga vizuri, safi, mpaka wavuvi wakaitikia kwa makelele. Kushoto kukalipuka. Mdomo wa mtutu ulifumuka ukachanua kama ganda la ndizi, na mawese yakapaa yakiwa yamekaangika, yakatunyeshea sote. Zainabu akatoka nyuma ya nyumba akauliza nani anakaanga nini.

Mimi niliiambia fuawe maneno ambayo fuawe haikuwa na kosa la kustahili. Nilipomaliza nikamwona mzee. Alikuwa amesimama, upawa mkononi, mawese yanamtiririka kwenye ndevu. Akasema polepole, "Fuawe, nimejichapa mwenyewe." Akaketi chini kabisa, si kwenye kigoda. Hasira yote ilinitoka. Nilitamani kumshika bega, na hilo nalo lilikuwa mwiko.

Mtutu uliofumuka mdomo haushoneki. Unakatwa. Nilikata yote miwili, shibiri moja na vidole vinne, nikainyoosha midomo kwa tupa, nikaisafisha kwa gololi ya risasi iliyotiwa mchanga laini na mafuta, kuzungusha tu, kuzungusha tu, mpaka ukingo uwe sawa pande zote. Mdomo usipokuwa sawa, bunduki inatema upande. Nikaijaribu tena na tena. Ilipiga, kulia na kushoto. Ilikuwa fupi na nene, na nzuri. Nilikuwa na hakika mgongo wa mzee umepona.

Mwezi ukaandama. Bwana Kidevu hakuja. Homa ilimshika Usumbura wakamrudisha kwao Ulaya. Akaja badala yake kijana mwembamba mwenye miwani, kalamu imefungwa uzi shingoni, tukamwita Bwana Daftari kabla hajashuka mtumbwini. Alikuja na shaushi mmoja, mkubwa wa askari, na askari wanne. Akaita watu wote, akaweka meza kwenye jua, akafungua kitabu cha Bwana Kidevu ambacho karatasi zake zilikuwa zimejikunja kwa maji.

Akasoma. "Mikidadi. Hamsa ishirini. Yuko wapi?"

Nikajitokeza na bunduki imefungwa kitambaa cheupe. Nikaeleza mapatano yote. Bwana Daftari akatazama kitabuni, akageuza ukurasa, akarudi. "Hapa hakuna mapatano. Hapa kuna bunduki imeanguka majini. Bunduki, mitutu miwili, urefu wake huu." Akatoa kamba yake ya kupimia, akapima. "Hii fupi. Siyo bunduki ya kitabu."

Nikamwambia niliikata. Akasema bunduki iliyokatwa ingeandikwa imekatwa. Kwa hiyo bunduki ya kitabu bado imo ziwani, na mzee ana deni la fimbo zake. Kisha akaigeuza ile mkononi, nikaona ameipenda, akauliza, "Na hii nani ametengeneza?"

Mjue kwamba fundi akiulizwa swali hilo anajibu kabla akili haijafika. "Mimi, Bwana," nikasema, kifua mbele.

"Una ruhusa ya kutengeneza bunduki?"

Akaandika tena. Hamsa ishirini zangu zikakaa chini ya zile za mzee, kesi moja, tutandikwe pamoja, mbele ya watu. Mkeka ukaletwa. Zainabu akaanza kulia. Mimi miguu ilikuwa inaniambia nikimbie, na nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nilimwambia mzee wa watu itapiga, na imepiga, na bado atakufa.

Mzee akasonga mbele. Akamwambia Bwana Daftari, "Bwana, kupigwa nitapigwa. Lakini siwezi kulala mugongo wazi mbele ya mukwe wangu. Na yeye hawezi mbele yangu. Hiyo haijafanyika."

Bwana Daftari akainua kalamu. Alikuwa mtu wa kupenda kuandika desturi. Akauliza inaitwaje, ilianza lini, kama inahusu na mashemeji. Wazee wakamweleza, wakabishana, akajaza ukurasa mzima. Alipotosheka akasema vema, mukwe atageuzwa atazame ziwa. Akamwamuru shaushi aanze na mzee.

Shaushi hakusogea. Alikuwa mtu mrefu, jasiri wa uso, lakini tangu jina la mzee liliposomwa alikuwa amenyauka. Akauweka mjeledi chini taratibu. "Bwana," akasema, "mimi nimeoa mutoto ya huyu muzee, kule Usumbura. Leo ndiyo mara ya kwanza tunaonana. Sina ruhusa kumuona mugongo. Kumupiga ndiyo kabisa."

"Wewe askari wa Kaiza."

"Ndiyo, Bwana. Na mukwe wa huyu."

Mzee alikuwa ameshafunua shuka begani. Akalivuta haraka likamfunika mpaka shingoni, kama mwari, na bila kumtazama shaushi akasema, "Zainabu, muulize huyu kijana kama mudogo wako iko mzima."

Shaushi naye akatazama chini. "Zainabu, ambia baba mukwe, mudogo wako iko mzima. Na mwezi jana amezaa. Mutoto mwanaume, tumemuita Mikidadi."

Basi wanawake wakapiga vigelegele pale pale penye mkeka wa mjeledi. Mzee baada ya mabinti saba amepata mwanamume wa jina lake, na habari imeletwa na mtu aliyetumwa kumchapa. Alilia wazi wazi, nami nikalia, nikiwa nimegeukia ziwa kama nilivyoamriwa.

Bwana Daftari akamwita askari wa pili. Huyo akasema hawezi kumpiga mkwe wa shaushi wake na kesho akapangiwa zamu na shaushi yule yule. Wa tatu alikuwa na udhuru wa bega. Wa nne, kijana mjanja kutoka Kigoma, akauliza kama mzee bado ana binti wa kuozwa. Akaambiwa wa saba yupo. Akajipanga wima, akapiga saluti, akasema naye basi ni mukwe kuanzia sasa. Na akamwoa kweli, wakazaa watoto tisa.

Nikabaki mimi. Kwangu shaushi hakuwa na mwiko wowote. Tulikuwa wanyumba, tumeoa ndugu, na wanyumba hutaniana. Akasema mimi anaweza kunichapa hata sasa hivi, kwa furaha, na akauokota mjeledi. Lakini kitabu kilisema kesi moja, tutandikwe pamoja, na mzee hakuwa na wa kumchapa. Bwana Daftari alikisoma mara tatu. Alikuwa mtumwa wa kitabu kuliko sisi tulivyokuwa wake. Akakifunga, akaandika barua Usumbura kuomba askari mmoja asiye mkwe wa mtu yeyote.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Lilitaka orodha ya mabinti. Akaiandika, akaipeleka. Wakati huo bunduki yangu ilitundikwa ukutani kwake, na kila Jumatatu wavuvi wa Rumonge walilazimishwa kukokota nyavu mdomoni mwa Murembwe kutafuta bunduki ya kitabu, ile iliyokuwa ukutani. Walipata viatu vya Bwana Kidevu na samaki wengi. Barua nyingine ilikuwa bado njiani vita vilipoanza ziwani. Wadachi wakaondoka, Bwana Daftari akaondoka na bunduki yangu begani, fupi na nene, na niliumia kuiona inakwenda.

Mzee Mikidadi aliishi mpaka enzi ya Wabeleji, akapiga kasia, akacheza na wajukuu. Tuliendelea kuzungumza kupitia fuawe. Kifua kilimshinda kiangazi kimoja, akafariki. Hakuwa na mtoto wa kiume, ndugu zake walikuwa Kongo, na wazee wakaanza kuulizana nani atamwosha. Zainabu akatoka chumbani akaniambia maneno aliyoachiwa: "Baba alisema, ambia bwana yako aje kunikosha. Aone kazi yake."

Niliingia na wazee wawili, yeye amefunikwa kitambaa kutoka kitovuni mpaka magotini. Tukamlaza kwa ubavu. Mgongo ulikuwa wa mtu mzee aliyepiga kasia maisha yake yote, mwembamba, mifupa inahesabika, na hakukuwa na alama hata moja. Nikauosha mara tatu kama sheria inavyotaka. Kisha, Mungu anisamehe, nikauosha mara ya nne, ambayo haimo katika sheria.